Mvule wa Bibi Uliotekwa Baharini

Kwetu Sindeni, nyuma ya nyumba ya bibi mzaa mama, kuna kisiki cha mvule. Ni kipana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala juu yake nimenyoosha miguu na kisigino hakitokezi nje. Mti wenyewe sikuuona. Nilipozaliwa ulikuwa umeshakwenda baharini.

Nasema umekwenda, kama mtu aliyepanda basi, kwa sababu ndivyo bibi alivyosema siku zote. Kwake ule mti haukukatwa wala haukuuzwa. Ulisafiri. Watu wa pwani walikuja wakitafuta mti mrefu ulionyooka wa kutengenezea mkuku, yaani uti wa mgongo wa jahazi, lile gogo la chini kabisa ambalo mbavu zote za chombo hulishikilia. Babu akawaonyesha mvule wetu. Bibi hakupenda. Ulipopakiwa kwenye lori alimwita mwanawe wa kiume, mjomba wangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kufukuza ngedere shambani, akamwambia, "Panda na wewe. Nenda ukaone wanaufanya nini, halafu urudi uniambie."

Mjomba akapanda, akakaa juu ya gogo. Alirudi jahazi lilipokwisha kuundwa, na alirudi kuaga tu, maana alikuwa keshakuwa baharia.

Kijijini walimcheka. Sisi Wazigua ni watu wa mahindi na mihogo, maji yetu ni ya bwawa, na kuna miezi hata bwawa lenyewe linatusahau. Mzigua wa baharini ameonekana wapi? Lakini bibi hakucheka. Kila mjomba aliporudi mapumzikoni, kabla shikamoo haijatua, bibi alikuwa anauliza.

"Marahaba. Mti wangu mzima?"

"Mzima, mama."

"Haujaoza?"

"Hauozi ule, mama. Tunaupaka mafuta ya papa."

"Mwe! Si unanuka?"

"Unanuka kweli."

Bibi anaridhika, anakwenda kusonga ugali.

Haya nimeyasikia kwa vipande, mengine kwa bibi, mengi kwa mjomba mwenyewe, tukiwa kazini. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha pili, na sitamlaumu mtu. Mwili ulikuwa darasani ila kichwa kilikuwa kinakaa dirishani. Cherehani yangu iko Korogwe mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee huyo kazaliwa hapahapa, anaongea Kisambaa kunizidi mimi, na ana tabia ya kutoka nje kila saa kuangalia kama mvua inakuja hata wakati wa kiangazi. Miaka michache baada ya mjomba kurudi kutoka baharini mara ya mwisho, aliponifuata mjini, mzee alimtazama mara moja tu, akasogeza ndoo na benchi, akasema, "Kaa hapa na mpwa wako. Malori yanataka maturubai, na wewe mkono wako unajua tanga."

Ni kweli. Miaka yote ile kazi ya mjomba chomboni ilikuwa kushona matanga na kuyatia viraka. Akawa anashona maturubai ya malori ya mahindi na ya mkonge, kwa sindano nene aliyorudi nayo mfukoni. Ndicho kitu pekee alichorudi nacho.

Sasa niliseme jahazi lenyewe, maana lilikuwa na maisha yake kama mtu.

Siku ya kulishusha majini, alisema mjomba, watu walilivuta kwa kamba za katani, wanawake wakipiga vigelegele, na mjomba hakuvuta. Alikuwa mbele, amebandika kiganja kwenye mkuku, anautuliza kama unavyomtuliza ng'ombe anayepandishwa kwenye gari. Jina la kwanza la jahazi lilikuwa la kumshukuru Mungu. Lilibeba chumvi, lilibeba mikoko ya kujengea, lilibeba tende zilizowafanya mabaharia wote waumwe meno. Safari moja lilibeba mbuzi watupu. Mbuzi mmoja akala kona ya tanga, mjomba akalishona, na tangu siku hiyo nahodha akawa anaiita kona hiyo Kiraka cha Mbuzi, anaitaja katika amri zake kabisa: "Vuta upande wa Kiraka cha Mbuzi!"

Mwenye chombo alipofariki, watoto wakaliuza. Tajiri mpya akalipaka rangi ya kijani, akalifutia jina la Mungu na kuliandika jina la mke wake wa pili. Mke wa kwanza akaja bandarini kusoma kilichoandikwa. Mjomba akifika hapo alikuwa anatabasamu kidogo, nami nilikuwa namwomba aseme mwanamke yule alifanya nini, na kila mara alinijibu jibu lilelile: "Alilirushia nyanya, mjomba. Nyanya mbivu, kapu zima. Sisi tulikuwa ndani tunaziokota." Yeye na mimi tunaitana mjomba, hakuna anayemzidi mwenzake.

Tajiri yule ndiye aliyeweka mashine. Ilikuwa mashine mgonjwa. Ikipona mjomba anakaa bure, ikilala mjomba anapandisha tanga. Wakaenda hivyo miaka, saruji kwenda, magodoro kurudi, mpaka ile miaka ambayo redio ilikuwa haimalizi taarifa ya habari bila kutaja maharamia. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka bibi alikuwa anazima redio ikifika hapo, kana kwamba akiizima wanaishiwa mafuta.

Siku waliyotekwa mashine ilikuwa imelala na upepo haukuwapo. Vilikuja vijiboti viwili vya kasi, vijana ndani yake, wengine wembamba kama fito, bunduki zimewazidi urefu. Nahodha akanyanyua mikono. Kiongozi wao akapanda, na cha ajabu hakupiga kelele. Alitoa karatasi iliyokunjwa, akaipeperusha hewani. Akasema wao si wezi. Wao ni walinzi wa bahari hii, wamepewa kazi na wakubwa wa pwani yao, kwa kuwa meli za kigeni zinakuja kuzoa samaki wao usiku na mchana. Akasema, "Tuna kibali."

"Mkakisoma?" nilimwuliza mjomba.

Sindano ikasimama katikati ya turubai. "Hapana. Hakuna aliyekiomba. Kilikuwa na muhuri, nilikiona kwa mbali. Ungeweza kuwa muhuri wa chanjo ya kuku. Mwizi anayejijua mwizi, mjomba, unaweza hata kumlilia. Mwizi mwenye kibali anakutazama kama wewe ndiye uliyemkosea." Akavuta uzi. "Siku zote nawaza, tungesema tu, lete tukisome. Labda wangetupiga. Lakini tungekuwa tumeuliza."

Hawakutaka shehena. Walilitaka jahazi lenyewe. Jahazi kuukuu la kijani lenye tanga la viraka halimtishi mtu, linaweza kuzisogelea meli kubwa bila kushukiwa. Wakalipaka rangi juu ya jina la mke wa pili na hawakuliandika jina jingine. Mti wa bibi, uliokuwa ukibeba chumvi na mbuzi, ukatumwa kuwinda vyombo vingine. Mjomba na wenzake wakafungiwa chini kabisa, sehemu wanayoiita ngama, ambako maji machafu ya chombo hukusanyika. Hapo mtu hawezi kusimama. Mfuniko ukifungwa, giza linakuwa moja, macho wazi au yamefumbwa hayatofautiani. Mjomba alikuwa amelala mgongo wake ukiwa juu ya mkuku wenyewe. Alisema alikuwa anaupapasa na kusema moyoni, huu mti naujua, huu ni wa kwetu, nyuma ya jiko.

Kati ya watekaji kulikuwa na kijana mmoja, pengine mdogo kuliko nilivyo mimi sasa, shati limechanika kwapani. Siku moja mjomba alipotolewa kushona tanga, alimwonyesha kwa mkono: vua. Akamshonea. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Tangu hapo, zamu ya kufunga mfuniko ikiwa ya kijana yule, alikuwa anauacha wazi kiasi cha kidole. Hewa ikapita, na mstari wa mwanga. Mjomba alikuwa anamwombea dua kijana huyo, nami nimeshika tabia hiyo. Sijui kama ilifaa kumwombea mtekaji. Nafikiri naye alikuwa na bibi mahali.

Wakaokolewa na manowari, kwa vishindo ambavyo mjomba hakupenda kusimulia. Watekaji wakarukia vijiboti vyao, mabaharia wakatolewa. Jahazi likaachwa linavuja. Baadaye mtu alisema ameliona katika bandari fulani ya mbali, limezibwa, lina jina jipya, linabeba vitunguu. Mwingine akasema limezama. Ndiyo maisha yake yote ninayoyajua.

Mjomba alishuka stendi ya Korogwe, akaja Sindeni, akaambiwa hapo hapo uani kwamba baba yake, yaani babu yangu, amefariki yeye akiwa mateka na ameshazikwa. Bibi akatoka jikoni. Mjomba akasema shikamoo. Bibi akasema marahaba, mti wangu mzima? Kwa mara ya kwanza mjomba hakujibu. Alikaa juu ya kisiki.

Bibi hakumwuliza tena. Lakini jioni ileile, mbele yetu sote, alimwambia neno moja: "Majirani ndio walioshuka kaburini kumpokea baba yako. Sikuwa na mwana wa kumpokea. Mimi utanipokea wewe."

Mjomba akasema, "Ndiyo, mama."

Alisema ndiyo, naye hawezi. Mimi nilikuja kulijua hilo tulipoanza kuishi pamoja chumba kimoja mtaani Masuguru, Korogwe. Alilala kizingitini, mlango wazi, mvua inamfikia miguuni. Stoo ya dukani, ambako maturubai yanawekwa, haina dirisha; hakuingia hata mara moja, mimi ndiye niliyekuwa namtolea. Msikitini alisimama safu ya mlangoni. Siku moja aliniambia akiwa anakata uzi kwa meno, bila kunitazama, "Mjomba, kaburi ni ngama. Nitashukaje?" Nilimwambia bibi ana afya, ataishi kutuzika sote. Akacheka kwa heshima.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyefika barazani pale kila siku ya gulio, ambaye lazima nimtaje. Ni mzee mmoja kutoka Lutindi, mlimani kwa Wasambaa, anayeshusha ndizi na hiliki. Ni mtani wetu. Kwetu utani si mzaha wa hivi hivi. Ni kitu cha mababu. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akachukua kuku anayemtaka, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Na ukifiwa ndipo kazi yake inapokolea: anakuja kuvuruga msiba, anaficha jembe, anakalia jeneza, hatoki mpaka apewe kitu, ili waliofiwa wapate kucheka hata kama wanacheka na machozi puani.

Basi huyu mzee akifika barazani anaanza. "Nasikia kuna Mzigua alikwenda baharini. Alikwenda kufanya nini, kulima?" Mimi namjibu. "Angalau yeye aliiona bahari, nyie mlimani mkiona ukungu mnadhani ndiyo bahari, mnatupa nyavu." Mzee wa duka anatoka nje kucheka na kuangalia mvua. Lakini mjomba hakujibu. Miaka yote ile, neno hata moja. Mtani alikuwa anamchokoza, anamngoja kidogo, kisha anamwachia ndizi mbili tatu juu ya turubai na kwenda zake. Siku moja nilimwona akigeuka kule kona kumtazama. Mtani asiyejibiwa ni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wenyewe wamo.

Bibi alifariki mwaka juzi, asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke. Tulipigiwa simu tukiwa barazani. Mzee wa duka aliingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe cha sanda alichokikata mwenyewe, amekikunja vizuri. "Hiki leo hakiuzwi," alisema. "Mfikishieni." Mjomba alikipokea kwa mikono miwili.

Tulipofika Sindeni wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Wanajua kwamba mjomba analala mlango wazi; kijijini hakuna siri ya mlango. Wakasema kwa upole, wewe kaa juu, watashuka wengine, Mungu anaona nia. Mjomba akasema sawa. Lilikuwa neno sawa dogo kuliko yote niliyowahi kusikia. Kisha wakasema, mtani akija aambiwe leo asifanye vituko vyake, huyu mtu asichokozwe. Mtu akatumwa barabarani kumngoja. Lakini mvua ya mlimani ilikuwa imekata barabara, mtani akachelewa, akakatisha mashambani kwa miguu, akatokea upande wa nyuma. Hakukutana na yeyote. Alikwenda moja kwa moja mahali ambapo mtani wa kweli anakwenda.

Tulipolifikisha jeneza kaburini, jirani na kile kisiki kama bibi alivyotaka, tulimkuta yumo ndani.

Alikuwa amekaa chini kaburini, suruali imelowa matope mpaka magotini, ameegemea mzizi wa mvule ambao wachimbaji waliukuta na kuuacha ukipita ukutani. Mpini wa jembe ameulaza begani kama bunduki.

"Mnampeleka wapi mke wangu bila kuniaga?" akauliza.

Wengine wakaanza kucheka. Ni kawaida, kwa mtani bibi zetu wote ni wake zake. Shehe akageuza uso akatazama mahindi, kama wanavyofanya mashehe wetu, wasikataze wala wasiseme waliona.

"Mzee, toka, mvua inakuja," mtu akasema.

"Sitoki! Hapa pametekwa. Hiki ni chombo changu, mbele mpaka nyuma. Atakayesogea namtupa majini."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa ukoo akaanza kumpungia mkono chini chini, nyamaza, nyamaza. Mtani akadhani anachochewa.

"Mnanipungia nini? Kwani mimi mwizi? Mimi nimepewa na babu yangu, na babu yangu alipewa na babu yake. Nina kibali!"

Neno lile. Hakujua. Hadithi ya karatasi mjomba alinisimulia mimi tu, kwenye maturubai. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa nyuma ya watu wote, karibu na migomba, na uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. Nikafikiri anaanguka. Nikaanza kusukuma watu nimfikie.

Yeye akaanza kusukuma watu kuja mbele. Tukapishana. Alifika ukingoni, akatazama chini.

"Kiko wapi?" akasema.

Mtani akainua uso. Miaka yote ile, na sasa anajibiwa. Mpini ukamshuka begani. "Kiko wapi nini?"

"Kibali. Umesema unacho. Kilete tukisome."

Mtani akainuka, akasimama mle mle kaburini. Halafu, Mungu ambariki, hakumwonea huruma hata chembe. "Tangu lini Mzigua akajua kusoma?"

"Anajua. Msambaa ndiye hajui kuandika. Kilete."

"Hakipandi juu. Kiko huku chini. Mwenye macho ashuke."

Mjomba alivua kandambili, akazipanga ukingoni, moja kando ya mwenzake, kama mtu anayeingia ndani kwake. Akashuka.

Watu wakasogea wote kwa pamoja, mpaka shehe. Mle chini walisimama wawili, pua kwa pua, hawana nafasi. Mtani akamfunulia kiganja chake chenye matope. Mjomba akakishika, akakileta karibu na macho, akafuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akasoma kwa sauti ya kufika mpaka nyuma.

"Kimeandikwa hivi. Mwenye mkono huu ni mwizi wa kuku. Arudishwe kwao Lutindi kwa gharama ya ndizi zake mwenyewe."

Mwe! Kilitoka kicheko ambacho nafikiri kilimfikia bibi ndani ya jeneza. Mama yangu, aliyekuwa mbali na wanawake wenzake, alituma mtoto kuuliza kumetokea nini. Mtani akasema, "Kweli umesoma. Nimeshindwa, nitoeni," nasi tukamvuta mikono, akatoka analia na kucheka, matope yakiwa mpaka ndevuni.

Mjomba hakutoka. Alisimama mle ndani, mkono mmoja umeshika mzizi. Akaniangalia juu. "Shuka, mjomba," akaniambia, "kabla sijafikiri."

Nikashuka haraka, na binamu yangu mmoja. Anapozikwa mwanamke watu hutanda shuka juu ya kaburi, kumsitiri. Wakalitanda. Mwanga ukaondoka.

Sikuwa nimeliwaza shuka lile. Hakuna aliyelikumbuka. Ilikuwa joto ghafla, harufu ya udongo mbichi na mizizi, na kando yangu pumzi ya mjomba ikaanza kukimbia, fupi fupi, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Bega lake lilikuwa linagonga langu. Nilijua amekwisha kuondoka hapo, yuko kule. Nikapaza sauti kumwita mtani kwa Kisambaa, bila kufikiri kama ni adabu.

"Mgosi! Inua pembe kidogo!"

Na yule mzee wa Lutindi, ambaye hakujua lolote la mfuniko wala la kijana mwenye shati lililochanika, aliinua pembe ya shuka iliyokuwa mkononi mwake. Kiasi cha kidole, labda viwili. Mstari wa mwanga ukashuka ukakaa kwenye kifua cha mjomba. Akautazama. Pumzi yake ikapunguza mwendo, ikapunguza tena.

"Leteni," akasema.

Wakamshusha bibi. Alikuwa mwepesi, siwezi kusema alivyokuwa mwepesi. Mjomba alishika kichwa na mabega. Tukamlaza katika mwanandani, tukamwelekeza kibla, tukasema maneno yanayosemwa. Kisha mjomba akainama zaidi, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta wa udongo, akamsemea mama yake karibu na sikio. Nilisikia kwa sababu hapakuwa na mahali pa kutosikia.

"Mti mzima, mama."

Sijui alisema kweli ipi. Labda lile jahazi la vitunguu. Labda alikuwa anasema mzizi uliokuwa unamgusa begani, ambao ulikuwa na unyevu ulipokwaruzwa na jembe, na kisiki chenyewe mpaka leo kinachipua. Sikumwuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu, lakini hilo nimeliacha.

Tulipotoka juu mvua ilikuwa inaanza. Mtani alimrushia mjomba kandambili zake moja moja, akimlenga. Baada ya hapo ndipo wazee walipomvuta mtani kando na kumweleza walichokuwa wanataka kumweleza tangu asubuhi. Alishika kichwa. Akaja mpaka kwa mjomba, akafungua mdomo kuomba radhi, na mjomba akamkatiza. "Nyamaza. Unaniibia kuku halafu unaniomba radhi? Hiyo ndiyo tabia ya mlimani?" Mzee akamkumbatia na matope yake yote.

Wiki iliyofuata tulirudi barazani. Lori lilikuja linataka turubai, nami nikainuka kwenda stoo kama kawaida. Mjomba akasema kaa. Akaenda yeye. Alisimama mlangoni pa stoo muda, mzee wa duka akamwona, akaenda polepole akaegemeza tofali kwenye mlango usijifunge, kisha akatoka nje kuangalia mvua. Mjomba aliingia. Tulimsikia ndani akipiga chafya kwa vumbi.

Mwaka huu, kule Lutindi, mtani wetu alifiwa na kaka yake. Mjomba alisikia habari akiwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini, akachukua kamba ya katani ya kufungia atakachopewa, na hakuningoja. Nilimfuata kwa bodaboda na bado nikachelewa. Nilipofika kaburini watu walikuwa wamezunguka, wanabembeleza, wengine wanashika mbavu kwa kucheka, na mzee wa Lutindi amesimama ukingoni, macho mekundu ya kulia, anasema kwa sauti ya juu, "Toka bwana! Nimekuletea jogoo mzima!"

Kutoka chini ikaja sauti ya mjomba, imetulia kabisa.

"Jogoo gani huyo? Mleteni kwanza nimwone. Na kibali chake."